Mtamba Aliyekunywa Maji

Mtamba wa mbele alisimama katikati ya lango, akainua mkia, akakojoa nyekundu.

Si nyekundu ya vumbi. Si nyekundu ya kusema labda ni jua. Nyekundu kama juisi ya bitruti, inamwagika kwa nyasi za Mzee Matiko mbele ya wazee wake wote waliovaa makoti, na mimi nimeinua simu juu narekodi. Vigelegele vilikatika. Shangazi mmoja alikuwa amefungua mdomo apige kingine, akabaki hivyo hivyo, ulimi umesimama hewani.

"Hiyo ni nini?" Mzee Matiko akauliza.

Baba yangu alitoa kofia, akairudisha, akaitoa tena.

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio mjue ni nini ilikuwa inaungua hapo.

Okari ni ndugu yangu mkubwa. Anauza cover za simu na charger pale Oyugis karibu na stage. Sisi ni Wakisii, lakini Oyugis ndio kwetu, Baba alihamia huko na biashara ya ndizi kabla mimi nizaliwe. Huyo Okari akapendana na Bhoke, msichana Mkuria anayefanya kazi kwa agrovet iliyo ng'ambo ya barabara. Bhoke amesomea mifugo. Ana cheti chake, ana gumboots zake, akiingia kwa boma ya mtu hata ng'ombe mkorofi anajipanga kama mwanafunzi ameona mwalimu. Okari alimpenda siku alimwona amebeba ndama begani akivuka lami, na lori zimesimama zinamngoja.

Sasa kwa Wakuria, mahari ni ng'ombe. Usiwaletee hadithi ya M-Pesa. Kwa kawaida watu wa msichana ndio wanakuja kwa zizi lako kujichagulia wenyewe. Lakini sisi zizi tutatoa wapi? Nyuma ya nyumba yetu kuna choo, kamba ya nguo na migomba. Kwa hivyo wazee wakaelewana: nunueni Ogwedhi siku ya soko, mlete mpaka huku kwetu juu ya Kehancha, tuzikague langoni. Tukizipenda zinaingia na Bhoke ni wenu. Tusipozipenda mnageuka nazo, na hakuna harusi. Mzee Matiko, baba yake Bhoke, alisema hiyo maneno akimwangalia Okari usoni, kwa sababu kulikuwa na kijana mwingine wa huko huko, mwenye ng'ombe zake za kuzaliwa nyumbani, anangoja tu sisi tuharibu.

Na kuharibu ilikuwa rahisi. Baba ni mzee wa kanisa la Sabato, anajua ndizi, ng'ombe hajui. Okari anajua charger. Ndio tukamtafuta Wangwe, broker wa ng'ombe pale Ogwedhi, mwanaume mrefu mwenye fimbo na maneno mengi. Okari alienda akalala huko na yeye, wakichunga ng'ombe wakingoja lori. Mimi na Baba tukatoka Oyugis asubuhi kwa Probox, tukawakuta karibu kufika, ng'ombe zimeshushwa, zinatembezwa hiyo sehemu ya mwisho kwa miguu.

Tuliwapata kwa kijito. Maze! Sijawahi kuona kitu kinakunywa vile. Zilikuwa zimezamisha midomo yote kwa maji, hakuna kupumua, unasikia tu gu, gu, gu, kama pampu ya kumwagilia sukuma wiki. Mtamba mmoja mwenye baka jeupe kwa paji la uso alikuwa ameingia mpaka magoti. Nikarekodi, nikaweka kwa status, nikaandika "mahari iko njiani" na emoji za ng'ombe za kutosha. Na zilipotoka kwa maji, aki ungeziona! Tumbo mviringo, ubavu umejaa, zinang'aa.

"Ona tumbo hiyo, mzee," Wangwe akamwambia Baba, akigonga mtamba na fimbo polepole. "Mkuria akiona tumbo kama hiyo anakupa msichana na mdogo wake juu."

"Mimi nataka mmoja tu," Okari akasema. Hakucheka. Nikadhani ni woga wa mwanaume anayeenda kuoa.

Langoni walituweka. Hiyo ni kawaida, wakwe lazima wakuchomeshe na jua kwanza. Kivuli cha mti kilituhama, kikaenda upande mwingine, sisi bado tumesimama. Wazee wa Matiko wamekaa kwa stuli zao ndani ya ua wanatuchokoza.

"Nyinyi watu wa ndizi," mmoja akapaza sauti, "hizo ni ng'ombe kweli, ama ni ndizi mmezifunga kamba?"

"Mzee, ndizi haina pembe!" Wangwe akajibu.

"Ya Kisii inaweza kuwa nayo!"

Kicheko. Hata Baba alicheka, na Baba hachekangi. Mzee Matiko akasimama, akazunguka ng'ombe moja moja, akashika ubavu, akaangalia meno, na nikaona uso wake unalegea. Akatingisha kichwa kwa wenzake. Shangazi wakajipanga kwa vigelegele. Lango likafunguliwa.

Na hapo ndio mtamba mwenye baka akakojoa.

"Ni damu," mzee mmoja akasema polepole. "Inakojoa damu kwa lango ya mtu."

"Labda ni majani imekula," Wangwe akasema.

"Majani gani?"

Kabla Wangwe atafute majani, mtamba wa pili alianza kuyumba. Miguu ya nyuma inaenda kushoto, ya mbele inaenda kulia, kama mlevi ametoka kwa busaa. Akafika kwa ua akabandika kichwa kwa mti wa ua na kusukuma. Kusukuma tu! Kama anataka kupita ndani ya mti. Mwingine naye akainua mkia, na aki mimi nilifunga macho, nikafungua jicho moja. Nyekundu.

Watu wakaanza kurudi nyuma. Mama mmoja akamvuta mtoto wake. Nikasikia neno "laana" mahali, halafu mahali pengine, likazunguka haraka kuliko forward ya WhatsApp.

Ndipo mlango wa nyumba ya shangazi ukafunguka kwa kishindo. Bhoke alitoka nywele imesukwa upande mmoja, ule mwingine umesimama kama ufagio, gauni mpya, na chini ya gauni gumboots. Shangazi wawili wanamfuata wakimvuta mkono.

"Bhoke, rudi ndani! Msichana haangalii mahari yake!"

"Mahari yangu inakufa, shangazi. Niachilie."

Aliwatoa mikono kama mtu anatoa kupe. Akapiga magoti kwa mtamba mwenye baka, akashika masikio, akavuta kope la chini, akamwekea kipima joto. Akamgeuza mkia, akapapasa kati ya miguu akitafuta kupe. Mimi nilikuwa nimesogea karibu na simu, na kwa screen niliona mikono yake inajua inakoenda.

"Hana homa," akasema. Ni kama alikuwa anajiambia mwenyewe. "Mkojo mwekundu, hana homa." Akainua kichwa. "Wewe ndio umezileta?"

"Mimi, dada," Wangwe akasema.

"Kabla ya leo zilikunywa maji lini?"

"Jana jioni. Zikashiba kabisa."

"Umezipa kitu chochote? Dawa? Chumvi?"

"Nyasi ya Mungu tu."

Bhoke akamgeukia ndugu yangu. "Okari, wewe ulilala huko. Zilikunywa jana?"

Okari alimwangalia Wangwe. Akamwangalia Mzee Matiko. Akaangalia lango, lile lango lililokuwa wazi nusu.

"Si Wangwe amesema," akajibu.

"Nakuuliza wewe."

"Zilikunywa."

Bhoke akapapasa tena ubavu wa mtamba, anafikiria. "Basi itakuwa ule ugonjwa wa kupe, homa bado haijapanda. Ogwedhi zinachanganyika kutoka kila mahali." Akasimama. "Leteni maji. Anatoa damu hivi, akikauka tutampoteza. Na mtu anipigie Daktari Nyangau wa Kehancha, aje na dawa ya kupe."

Wakaleta beseni kubwa la bluu limejaa. Yeye mwenyewe alilishika, goti chini, gauni mpya kwa matope, akaliweka chini ya mdomo wa mtamba. Na mtamba, hata na ugonjwa wake wote, akanywa! Akanywa yote. Bhoke anamsugua shingo anamwambia kwa Kikuria maneno matamu, kunywa mama, kunywa. Wakajaza beseni tena. Akanywa nusu.

Halafu akaanguka.

Sijui niseme aje. Alianguka upande mmoja kama meza imevunjika mguu, na miguu yote minne ikaanza kwenda, kwenda, kama anaogelea kwenye hewa. Macho yakageuka yakawa meupe. Povu likatoka puani. Watu wazima walipiga kelele kama watoto. Bhoke alishika kichwa chake kisijigonge chini, anaita "mama, mama, mama". Miguu ikaenda polepole. Ikaacha.

Unasikia tu simu yangu ikilia notification, watu wa group wakiuliza kumeendaje. Nikaizima. Mara ya kwanza maisha yangu.

Bhoke hakusimama. Alikuwa anaangalia beseni.

"Imetosha," Mzee Matiko akasema. Alimgeukia Baba. Sauti haikupanda hata, na hiyo ndiyo ilinitisha. "Onyancha, chukua ng'ombe zako. Chukua na iliyokufa. Mtu hawezi kuniletea damu langoni siku ya mtoto wangu na nimfungulie. Wazee, tuinuke."

Stuli zikaanza kuinuliwa. Baba yangu, mzee wa kanisa, mikono imening'inia, anasema "mzee, mzee wangu, sisi hatujui" na hakuna anayemsikia. Vijana wawili wa boma wakasogea kwa Wangwe na marungu, bado hawajainua, wanamsimamia tu.

Na katikati ya hiyo fujo, Bhoke akachukua beseni, akalijaza tena, akatembea nalo kwa yule mtamba anayesukuma mti. Kwa sababu ndiyo kazi yake. Harusi imekufa, lakini ng'ombe bado iko hai, basi anaenda.

"Usimpe!"

Ilikuwa Okari. Alikimbia, akamfikia, akapiga beseni teke likaruka, maji yakatumwagikia sisi sote, mimi na simu yangu pamoja.

"Wewe una wazimu?" Bhoke akasema.

"Usimpe maji. Bhoke, hazikunywa. Jana hazikunywa. Juzi pia hazikunywa." Alikuwa anaongea haraka kama mtu anatapika. "Wangwe aliziwekea chumvi na magadi, zikalamba usiku kucha, zikalia, aki zililia, na akasema tusizipe maji mpaka kijitoni, ndio zijaze tumbo zifike zikiwa zimenona. Alisema kila mtu anafanya hivyo. Alisema bila hivyo baba yako atazikataa."

Wangwe akatema mate. "Omera, ndugu, wewe ni mwanaume wa aina gani?"

Hakuna mtu aliyemgusa. Watu walikuwa wanamwangalia Bhoke. Alikuwa ameweka mkono kwa mdomo, na macho yake yametoka, na nikajua kabla hajasema kwamba ameelewa kitu ambacho sisi bado.

"Ni maji," akasema. "Ni maji nimempa."

"Maji imefanya nini?" Mzee Matiko akauliza.

"Tata, ni maji imemuua!" akamwambia baba yake.

Nilidhani amechanganyikiwa. Aki ya Mungu. Maji? Maji ile ya kunywa? Watu waliangaliana. Mzee mmoja akasema taratibu, kama unaongea na mgonjwa, "Mtoto wangu, hakuna mnyama aliyewahi kuuawa na maji isipokuwa amezama."

"Huyu amezama, baba. Amezama ndani." Akageuka, akapiga kelele jikoni: "Leteni chumvi! Chumvi yote iliyo kwa nyumba! Na mtu yeyote akipeleka ng'ombe kwa maji nitamvunja mguu!"

"Chumvi?" Mzee Matiko akamzuia njia. "Si huyu kijana amesema chumvi ndiyo zililishwa? Zimeumizwa na chumvi na unazipa chumvi tena?"

Bhoke hakuwa na wakati, lakini baba yake alikuwa amesimama hapo kama ukuta. Kando ya jiko kulikuwa na sufuria ya maharagwe yaliyolowekwa kwa ajili yetu wageni. Akaingiza mkono, akatoa ngumi nzima, akamfungulia baba yake kiganja puani.

"Tata, haya mliyaweka jana yakiwa madogo, magumu. Ona saa hii. Ona hii, ngozi imepasuka. Nani ameipasua?"

"Maji."

"Sasa damu ya ng'ombe iko hivi. Si uji, ni vifuko vidogo vidogo, hauvioni, vimejaa ndani. Chumvi ukiitia kwa maji inapotea, lakini haijaenda mahali, maji imeishika. Na maji iko na tabia moja: ikipata ngozi nyembamba, huku chumvi nyingi, huku kidogo, inahama inafuata ile nyingi. Hauwezi kuizuia. Hizi ng'ombe zimelamba chumvi bila tone la maji, mwili wote ukawa na chumvi nzito, mpaka ndani ya vile vifuko. Halafu ghafla zikajazwa kijito kizima. Damu ya nje ikawa maji tupu. Ndani ya vifuko bado chumvi. Maji inaenda wapi?"

Mzee Matiko aliangalia haragwe lililopasuka. "Inaingia," akasema.

"Inaingia mpaka vipasuke. Hiyo nyekundu mliona si laana ya mtu, ni hivyo vifuko. Na ubongo pia unavimba, lakini fuvu ni mfupa, halipanuki. Ndio huyu anasukuma mti. Kichwa kinamuuma mpaka hajui yuko wapi. Nikiweka chumvi kwa damu, nje, maji itatoka ndani irudi nje. Sasa nipishe, Tata. Tafadhali."

Akapishwa.

Mimi nimekunywa maji kila siku ya maisha yangu na sijawahi kuifikiria hata dakika moja. Maji ni maji, si ndio? Haina rangi, haina maneno. Na kumbe hapo ndani yangu, kila saa, inahama, inaingia, inatoka, inapima chumvi. Nilijishika mkono nikaangalia mishipa kama ni ya mtu mwingine.

Wakakoroga chumvi kwa maji kidogo, nzito, mpaka kijiko kinasikia mchanga chini. Chupa ya soda, shingo kwa kona ya mdomo, kidogo kidogo isiingie kwa mapafu. Okari ndiye alishika vichwa. Ng'ombe zinamrusha huku na huku na yeye hatoi mkono. Bhoke anamimina. Hawakuongea neno moja isipokuwa "shika" na "achia".

Daktari Nyangau alifika na pikipiki, vumbi mpaka kwa meno. Bhoke alikuwa ameshamwambia kwa simu kilichotokea kweli, kwa hivyo alikuja na drip za chumvi kali badala ya dawa ya kupe. Akaning'iniza ya kwanza kwa tawi. Baba yangu alikuwa amesimama karibu, bado hajui mikono yake aiweke wapi.

"Daktari, hiyo si ni maji pia?" akauliza.

"Maji yenye chumvi, mzee. Hata drip ya mtu hospitalini haiwi maji matupu. Ukimtia mtu maji matupu kwa mshipa, hata yawe safi namna gani, damu yake inapasuka vile vile."

Baba alikaa chini. Kwa nyasi, na suti yake ya Sabato.

Jua lilipoanza kushuka, yule wa kusukuma mti aliacha mti. Akasimama, akaangalia watu kama anauliza hawa ni nani. Mwingine akakojoa, na wote tukainama kuangalia, wazee na makoti yao, shangazi, mimi, wote tumeinamia mkojo wa ng'ombe kama ni matokeo ya mtihani. Ilikuwa ya kahawia. Baadaye ikawa ya njano. Mtu akapiga makofi! Kwa mkojo!

Na hapo ndio Mzee Matiko akanishangaza tena. Alicheka.

"Kuja hapa, kijana," akamwita Okari. Okari akaenda, shati limelowa, povu la ng'ombe mpaka kwa kidevu. "Unajua mimi nimeuza ng'ombe Ogwedhi miaka mingapi? Wewe unadhani mimi sijui kujaza tumbo? Hata mimi nimewahi. Kosa lenu ni kwamba mmejaza kama watu wa ndizi, bila kipimo." Wazee wakacheka, wale ambao waliinua stuli sasa wamezirudisha chini. "Na umesema ukweli mbele ya wakwe, kitu ambacho huyo mrefu hawezi. Iliyokufa mtaleta nyingine. Hizi zingine, fungueni lango ziingie. Bhoke ni wenu."

Jamani! Nilipiga kelele. Nilimkumbatia Baba akiwa bado amekaa chini. Shangazi wakachukua vigelegele pale pale walipoviacha. Nikawasha simu, nikainua, nikamtafuta Okari kwa screen, ana uso wa mtu ametolewa kaburini, na nyuma yake Bhoke anakuja ananawa mikono akipangusa kwa gauni ambalo halikuwa gauni tena.

"Tata, ngoja," akasema.

"Nini tena?"

"Mimi bado sijakubali."

Vigelegele vikakatika mara ya pili siku hiyo.

Hakuongea na baba yake. Aliongea na Okari, na hakupaza sauti, ilibidi nisogee ndio nisikie.

"Nilikuuliza."

"Niliogopa, Bhoke. Lango lilikuwa limefunguka."

"Nilikuuliza mara mbili. Wangwe kunidanganya sioni ajabu, hanijui. Wewe unanijua. Ulinitazama nikishika beseni. Akamaliza la kwanza, ukatazama nikijaza la pili. Ulikuwa umesimama hapo." Akaonyesha mahali kwa kidole. "Alikuwa na kiu, Okari, aliniamini, akanywa kutoka kwa mkono wangu."

"Si nilisema? Mwishoni si nilisema?"

"Ulisema akiwa amekufa."

Okari alipangusa povu la ng'ombe kwa kidevu.

"Bhoke," baba yake akasema, "ni ng'ombe mmoja. Nimesamehe."

"Wewe umesamehe tumbo, Tata. Hiyo ni ya soko, hata mimi naisamehe. Lakini siku moja mtoto wangu ataanguka, nitamuuliza huyu amekula nini, na ataangalia kwanza nani amesimama hapo ndio anijibu. Siwezi. Leo siwezi kabisa."

Akatembea akaenda kwa ng'ombe. Shangazi hata hawakumshika. Wazee walibaki wanaangaliana, kwa sababu lango liko wazi, mahari imepokelewa, na wale wa kukataa wameshakubali, sasa anakataa yule ambaye hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Mmoja akamnong'onezea Mzee Matiko, "Sasa hizi ng'ombe ni za nini?" Mzee Matiko akasema hajui, na kwa uso wake hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo neno.

Daktari alisema haziwezi kusafiri. Zikabaki. Wangwe alikuwa ameondoka zamani, sijui saa gani. Okari alikataa kuingia kwa Probox. Alienda mpaka kwa zizi, akasimama nje ya fito, akamuuliza Bhoke zipewe maji kiasi gani. Bhoke hakumwangalia. Alisema: jagi moja kila ng'ombe, zingoje, halafu jagi lingine. Okari akachukua jagi. Nilingoja nione kama Bhoke atasema kitu kingine, ama Okari. Nilingoja mpaka Baba akapiga honi.

Tulikuwa tumefika karibu na Migori mjini wakati Mama alipiga. Nyuma yake kulikuwa na kelele ya wamama wa kanisa wakipikia sherehe, masufuria, mtu anaimba.

"Dolphine! Mbona umezima simu? Nimeona kwa group ng'ombe imelala chini. Imekufa? Mzee amekataa?"

"Mzee amekubali, Mama."

"Asante Yesu! Wamama, amekubali!" Wakalipuka huko. Ilibidi niondoe simu kwa sikio. Baba anaendesha tu, haangalii kando. "Kwa hivyo kilichokufa ni ng'ombe tu?"

Niligeuka nikaangalia kiti cha nyuma, pale Okari angekaa.

"Dolphine? Unanisikia? Ni ng'ombe tu?"

"Mama," nikasema, "waambie wamama waepue chakula kwanza."